Kidonge cha mama mdogo kilianzia kwenye majani

Najua wengine mlishaanza kusema nimedisko. Bado sijadisko. Nilikuwa Morogoro kwa mama mdogo, na niliporudi nikajifungia maktaba kwa jambo ambalo halimo kwenye kozi yangu hata moja. Ndilo nataka kuwasimulia leo. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una semina kesho asubuhi na desa hujaligusa, nenda kasome kwanza halafu urudi.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo ana kisukari, kile cha ukubwani, huu mwaka wa sita. Alikuwa anameza metformini asubuhi na jioni. Safari hii nimefika, nimekaa, natupa jicho juu ya kabati ambako vidonge hukaa siku zote, hakuna kitu. Pana kopo la unga wa kijani.

"Shikamoo mama. Vidonge vyako viko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Vile nimeachana navyo. Kemikali tupu, zinanimaliza. Sasa hivi natumia vya asili."

Kopo lile ni shilingi elfu thelathini na tano na linaisha kwa wiki mbili. Limekuja na karatasi ya maelezo, ya rangi, imechapwa vizuri tu. Sentensi moja nikaikariri palepale: maji yaliyokamuliwa kwenye majani hayo "yamethibitishwa maabara kuzuia kukua kwa seli za mafuta", kwa hiyo unene unaondoka na kisukari kinaondoka nao. Na mchoro wa seli upo, duara la njano limepigwa mkasi mwekundu.

Nikanyamaza. Kwetu mtu habishani na mama mdogo mikono mitupu. Na tuwe wakweli, sikujua nimbishie kwa lipi. Fizikia na kemia niliziacha kidato cha pili na sikulia. Lakini kutafuta kitu kilitoka wapi, hiyo ndiyo kazi niliyokuja kujifunza hapa. Basi nikapanda basi na maswali mawili. Hicho kidonge cha kemikali tupu kilitoka wapi? Na hizo seli za mafuta zilizozuiwa kukua maabara, zilikuwa za nani?

Jibu la swali la kwanza lilinichekesha peke yangu mpaka mtunza maktaba akanikata jicho. Kidonge kilitoka kwenye majani.

Kusini mwa Ulaya na magharibi mwa Asia kuna mmea wa jamii ya kunde, maua yake ya zambarau au meupe, jina lake la kitaalamu Galega officinalis. Ndani ya jina hilo mna neno la Kigiriki la maziwa, kwa sababu wafugaji waliamini mnyama akila maziwa yanaongezeka. Watu wa zamani Ulaya waliutumia kwa minyoo, kwa homa, hata kwa tauni. Yaani ulikuwa mwarobaini wao, dawa ya kila kitu. Mwaka 1891 ukapelekwa Utah, Marekani, wajaribu kuufanya chakula cha mifugo. Mifugo haikuupenda, na kondoo wakila mwingi wanakufa. Leo uko kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku na serikali ya Marekani. Kwa hiyo "asili" yenyewe ndiyo hiyo, inaua kondoo.

Sumu iliyomo ndiyo dawa iliyomo. Mwaka 1914 Mfaransa Georges Tanret aliipata ndani ya mmea huo, ikaitwa galegini. Ni ndugu wa kitu kinachoitwa guanidini. Mwaka 1918 mtafiti Watanabe alionyesha kwamba guanidini inashusha sukari kwenye damu ya sungura. Watu wakachangamka. Miaka ya 1920 galegini ikajaribiwa kwa wagonjwa. Sukari ilishuka, lakini kwa muda mfupi, na madhara yalikuwa makubwa mno. Ikawekwa kando. Mwaka 1926 Wajerumani wakatoa dawa nyingine ya ukoo huohuo, Synthalin, nayo ikaja kuonekana inaharibu ini. Ikawekwa kando vilevile.

Na wakati wote huo metformini ilishatengenezwa! Mwaka 1922 huko Dublin, Emil Werner na James Bell waliiunda maabara kwa ajili ya kemia tu, hawakuwa na habari ya kisukari. Mwaka 1929 watu wakaona inashusha sukari ya wanyama bila ukali wa ndugu zake, lakini nani alikuwa na haja nayo? Insulini ilikuwa imeshapatikana Toronto, na tangu mwanzoni mwa 1922 watoto waliokuwa wanangoja kufa walikuwa wanainuka vitandani. Mbele ya insulini kila kitu kilionekana takataka. Metformini ikalala.

Iliamshwa na mafua. Mwaka 1949 daktari Eusebio Garcia wa Ufilipino aliwapa wagonjwa wa mafua dawa hiyohiyo, na ikaonekana sukari inashuka. Habari ikamfikia Jean Sterne, daktari Mfaransa mjini Paris, naye mwaka 1957 akachapisha matokeo ya kuwapa watu wenye kisukari. Akaipa jina la Glucophage, yaani mla sukari. Mwaka uliofuata ikaanza kutumika Uingereza. Wamarekani walichelewa mpaka mwisho wa 1994, kwa sababu ndugu yake mmoja, fenformini, alikuwa amejaza watu tindikali kwenye damu na kuua baadhi yao, akaondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukoo mzima ukabaki na jina baya.

Halafu ukaja mwaka 1998. Waingereza walikuwa wamefuatilia watu wenye kisukari kwa miaka zaidi ya kumi. Miongoni mwa wanene, 342 waliwekwa kwenye metformini na 411 wakaachwa na matibabu ya kawaida, ambayo hasa ni mashauri ya chakula. Waliokuwa kwenye metformini walipungukiwa na vifo kwa asilimia 36. Nilisoma mstari huo mara tatu. Siyo sukari kushuka kwenye kipimo, siyo kilo kupungua. Vifo.

Hesabu mwenyewe: kutoka galegini ya Tanret mpaka jibu hilo ni miaka 84. Katikati kuna sungura, wagonjwa walioumizwa na galegini, maini yaliyoharibiwa na Synthalin, makaburi ya fenformini. Mama mdogo ameacha mti uliopita njia yote hiyo, akashika mti ambao haujapita popote. Hapo nilitaka kumpigia simu usiku uleule. Rumeti wangu akanizuia.

"Hujajibu hoja ya karatasi," akaniambia. "Imesema seli za mafuta. Hujui hata seli hizo ni nini."

Rumeti anasoma biolojia, na ana tabia mbaya ya kuwa sahihi. Basi kesho yake jioni tukakaa kwenye vimbweta na maandazi, akanielekeza pa kuanzia, mengine nikatafuta mwenyewe.

Seli zile ni za panya. Tena panya ambaye hajazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha New York, George Todaro na Howard Green walichukua seli za vijusi vya panya wakazikuza kwenye visahani vya maabara. Kila baada ya siku 3 walizihamishia kisahani kipya, laki 3 kila kimoja. Ndiyo maana zikaitwa 3T3: siku tatu, hamisha, laki tatu kwa kumi za laki... hapana, rumeti ananisahihisha hapa, laki tatu basi. Walichapisha mwaka 1963. Hawakuwa wanatafuta mafuta, walitaka kujua seli inavyogeuka kuwa ya saratani.

Lakini Green alikuwa mtu wa kuangalia. Aliona kwamba kisahani kikijaa na seli zikiachwa zipumzike, baadhi yake zinaanza kuweka vitone vya mafuta ndani. Wengine wangesema zimechoka, zinakufa, mwaga. Yeye akazichagua zile zenye tabia hiyo, akazikuza peke yake. Mwaka 1974, akiwa MIT, yeye na Mark Meuth wakatangaza ukoo wa seli ambao unaanza ukiwa seli ya kawaida, nyembamba, halafu mbele ya macho yako unakuwa seli ya mafuta. Miaka miwili iliyofuata aliendelea na mwenzake O. Kehinde (jina la Kiyoruba hilo, hupewa pacha anayetoka wa pili, nimefurahi kulikuta pale). Ukoo mmojawapo, 3T3-L1, ndio umezagaa maabara za dunia nzima mpaka leo.

Na jaribio la mitishamba linakwenda hivi. Unazipa seli hizo insulini na dawa nyingine mbili za kuziamsha. Ukiziacha, baada ya siku kama nane au kumi zinajaa mafuta. Unazimwagia rangi inayoitwa Oil Red O, kisahani kinakuwa chekundu. Sasa, kwenye kisahani cha pembeni unaongeza maji ya mmea wako tangu siku ya kwanza. Kikitoka na wekundu hafifu, unaandika kwamba mmea umezuia kukua kwa seli za mafuta. Basi. Chai ya kijani imepita hapo, tangawizi imepita, manjano imepita, na mamia ya mingine.

Sikudharau. Ni kazi nzuri kwa kuanzia. Na msinielewe vibaya kuhusu mitishamba, hapa kwetu kitengo cha kuichunguza kilianzishwa Muhimbili mwaka huohuo wa 1974. Ila rumeti akaniuliza swali moja nikakosa raha: "Seli iliyokufa kwa sumu inaweka mafuta?" Haiweki. Kisahani cha seli zilizodhurika nacho kinatoka cheupe. Mtafiti makini hupima kwanza kama seli zake ziko hai. Karatasi ya kwenye kopo haisemi chochote juu ya hilo. Halafu kisahani hakina tumbo la kuvunjavunja dawa, hakina ini la kuichuja. Kiasi unachomwaga juu ya seli ni kimoja, kinachofika kwenye mafuta ya tumbo la mama mdogo baada ya kijiko cha unga na maji ya uvuguvugu ni kingine kabisa.

Tungeishia hapo ningekuwa nimeshapata hoja ya kutosha. Kumbe utamu ulikuwa mbele.

Swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza ni hili: hivi ni kheri kuzuia seli za mafuta zisikue? Sisi wote tunaitikia ndiyo bila kufikiri. Mafuta mabaya, tuyazuie. Mwaka 1994 huko Boston, Peter Tontonoz na Bruce Spiegelman na wenzao walionyesha kwamba kuna protini moja, PPAR-gama, ambayo ukiiwasha ndani ya seli ya kawaida inaigeuza kuwa seli ya mafuta. Ndiyo swichi kuu. Mitishamba mingi inayosifiwa kwenye kisahani inasifiwa kwa sababu inaipunguza swichi hiyo. Sawa. Lakini mwaka 1995 ikagundulika kwamba kundi la dawa za kisukari zilizokuwa zinatengenezwa wakati ule zinafanya kazi kwa kushika swichi hiyohiyo na KUIWASHA. Zinaongeza seli za mafuta, na sukari ya mgonjwa inashuka.

Niliposoma hivyo nikadhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitengeneza panya asiye na mafuta meupe kabisa, yule ambaye karatasi ya kwenye kopo ingemwita mwenye bahati. Alikuwa na kisukari kikali na ini lililojaa mafuta. Mwaka 2000 wakampandikizia mafuta ya panya mzima, kisukari kikarudi nyuma. Wapo na binadamu wanaozaliwa bila mafuta chini ya ngozi, wachache sana, na kisukari chao ni kigumu mno kutibu.

Rumeti alinipa mfano wa stoo. Mahindi yakishavunwa lazima yakae mahali. Ukibomoa stoo mahindi hayatoweki, yanamwagika sebuleni, jikoni, mpaka kitandani. Seli ya mafuta ni stoo. Ukizuia stoo zisijengwe huku mtu anaendelea kula vilevile, mafuta yanakwenda kwenye ini na kwenye misuli, na huko ndiko yanakoizuia insulini kufanya kazi yake. Yaani ile ahadi ya kwenye kopo, hata ingekuwa kweli asilimia mia, kwa mtu mwenye kisukari si ahadi ya kushangilia.

(Msikimbilie dawa za kuwasha swichi pia. Ya kwanza iliondolewa Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu ini, na nyingine, rosiglitazoni, ikasimamishwa Ulaya mwaka 2010 kwa wasiwasi wa moyo. Hakuna mlango rahisi hapa.)

Kuna jambo jingine dogo. Mwaka 2008 kundi la Kirsty Spalding, Stockholm, lilitaka kujua seli za mafuta za binadamu zina umri gani. Walitumia mabomu. Kweli. Majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewa kaboni-14, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwa watu, na kila seli mpya inabeba alama ya mwaka iliozaliwa. Wakakuta idadi ya seli za mafuta inajipanga utotoni na ujanani, halafu kwa mtu mzima haibadiliki sana. Kila mwaka kama asilimia 10 zinakufa na nyingine zinachukua nafasi, kwa mnene na kwa mwembamba vilevile. Hata waliopungua sana uzito kwa upasuaji wa tumbo idadi haikushuka, zilisinyaa tu. Mtu wa miaka hamsini na nne kuambiwa dawa ya wiki mbili imemzuia seli zisikue, nadhani mnaona.

Na mduara ukafungwa na kitu ambacho sikukitegemea. Nilijiuliza kama kuna mtu amewahi kuuweka ule mmea wa Ulaya, babu wa metformini, kwenye zile seli za Green. Yupo. Mwaka 1999 watafiti wa Scotland walichapisha kwamba panya waliolishwa Galega walipungua uzito. Mwaka 2008 watafiti, baadhi yao walewale, wakaichukua galegini yenyewe wakaimwaga kwenye 3T3-L1. Ilizifanya seli zivute sukari zaidi, ikapunguza utengenezaji wa mafuta mapya. Ila pia ilipunguza kasi ya seli kuachia mafuta iliyokwisha kuyaweka. Soma tena. Mmea unaopunguza uzito wa panya, kwenye kisahani unafanya kinyume cha "kuyeyusha mafuta". Ndiyo tabia ya mmea, unafanya mambo mawili matatu kwa pamoja, na karatasi ya rangi inachagua moja.

Basi Jumamosi iliyopita nikarudi Morogoro na kurasa sita za maelezo. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayetetea tasnifu. Mama mdogo alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwa kondoo wa Galega akainua kichwa.

"Kwa hiyo kile kidonge ulikuwa mti?"

"Ulikuwa mti, mama. Wameutoa sumu, wakaupima miaka themanini."

Akaendelea na mchele. Halafu akasema jambo ambalo halikuwemo kwenye kurasa zangu hata moja: vidonge vilikuwa vinamharisha. Siyo falsafa ya kemikali wala asili. Kila akimeza asubuhi kabla ya kwenda sokoni, tumbo linamkatika, na pale sokoni choo kiko mbali. Aliona aibu kusema kliniki, na kule hakuna aliyemuuliza. Muuza kopo ndiye mtu pekee aliyemuuliza, "Mama, tumbo lako linaendeleaje?"

Nilikosa la kusema. Mimi nimepekua karne nzima kumbe jibu liko sokoni.

Jumatatu tukaenda kupima. Mashine ikasoma 17.8, kabla hajala. Daktari, kijana tu, akamwambia metformini huanza hivyo kwa watu wengi, ameze katikati ya chakula na si tumbo tupu, na akamwanzishia tena kwa kiasi kidogo, cha kupandishwa taratibu. Pia kuna aina inayoachia dawa polepole, tumbo likizidi kusumbua wataijaribu hiyo. Dakika kumi, yamekwisha.

Jana kanipigia. Tumbo limetulia, sukari imeshuka mpaka 11, bado iko juu lakini inashuka. Kurasa zangu sita amempa jirani mwenye kopo kama lile. Kopo lake ameliosha, anawekea iliki.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi na rumeti anataka taa izimwe.